JIRANI YETU

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Kabla sijaenda mbali, nataka kukukumbusha siku moja ambayo huenda wewe umekwisha isahau. Mimi sijaisahau.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa Aprili mwaka wa 2025, siku ya kufunga shule. Wakati huo tulikuwa Kidato cha Pili. Wazazi walikuwa wamealikwa kuja kuchukua ripoti, na sisi wengine tulikuwa tumejibanza kivulini chini ya mikaratusi karibu na lango, tukiwatazama wazazi wa wenzetu na kuwacheka kimyakimya, jambo ambalo kila mwanafunzi hulifanya na kila mwanafunzi hulikana. Jua lilikuwa likiwaka utosini. Mara akaingia mwanamke mmoja amevaa koti zito, barakoa, na kofia nyeusi ya sufi, zile tunazoziita mavin, ameivuta hadi mahali pa nyusi. Nasema mahali pa nyusi kwa sababu nyusi zenyewe hazikuwapo.

"Cheki huyo mathe na mavin kwa hili jua!" akasema mmoja wetu. "Amekuja kuiba benki?"

Kicheko kikapasuka. Wengine mliocheka mnasoma gazeti hili sasa, na sina kinyongo nanyi hata chembe. Rafiki yangu akaniuliza, "Si anakuja huku? Unamjua?"

Nami nikajibu bila kufikiri mara mbili, "Huyo? Ni jirani yetu tu. Ametumwa kunichukulia ripoti."

Mama yangu mzazi alikuwa hatua nne kutoka tuliposimama.

Laiti ardhi ingepasuka inimeze! Alinitazama, kisha akapita akaenda zake ofisini. Aliporudi na ile ripoti tulitembea hadi stejini, tukapanda matatu, akanilipia nauli. Aliniambia neno moja tu njia nzima hadi Langas: "Umeanguka hesabu tena." Basi. Ningeshukuru kama angenichapa.

Sasa yafaa nieleze, maana wengi wenu hamkujua, nami nilihakikisha hamjui. Mama alipatikana na saratani ya titi mwezi wa Januari mwaka huo. Mwezi wa Februari akaanza kutiwa dawa ya mshipani, tibakemikali, ambayo wagonjwa wenyewe huiita kemo. Dawa yake ya kwanza ilikuwa nyekundu kama sharubati, na hata mkojo hugeuka mwekundu siku hiyo, jambo lililomtisha baba kuliko lilivyomtisha mama. Alitiwa dozi nne za nyekundu hiyo, moja kila siku 21, kisha nne za dawa nyingine iliyomfisha ganzi vidole hata akashindwa kufunga vifungo vya blauzi.

Nywele zilianza kutoka kama siku ya kumi na sita. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa naosha vyombo, akaja akaniomba nimtazame kisogoni, na aliposhika nywele zake zikabaki mkononi kama manyasi makavu. Hakulia. Alichukua makasi akaniambia nimalizie.

Sababu yake niliielewa baadaye, sista mmoja wa kliniki alipotueleza. Dawa hizo hushambulia chembe za mwili zinazogawanyika haraka. Saratani hugawanyika haraka, ndiyo maana hushikika. Lakini hata mzizi wa nywele hugawanyika haraka, na ngozi laini ya mdomoni, na chembe za damu zinazozalishwa ndani ya mifupa. Dawa haina macho ya kutenganisha. Ndiyo maana mgonjwa hutokwa na vidonda mdomoni hata ugali humshinda, na ndiyo maana katika wiki ya pili hivi kinga ya mwili hushuka chini kabisa, mafua ya kawaida yanaweza kumlaza. Wiki ya tatu ndiyo hupata nafuu, halafu dozi nyingine inakuja.

Wiki ya tatu, msomaji. Alipokuja shuleni ilikuwa wiki yake ya tatu. Siku chache alizokuwa na nguvu alitoa moja akaja kuchukua ripoti ya mtu aliyeanguka hesabu.

Likizo hiyo nyanya yetu, tunayemwita Kogo, alishuka kutoka Iten kuja kumtunza mama. Kogo ni mtu wa maneno machache na uzi mwingi. Tangu ujana wake amefuma sweta za watoto wachanga na kuziuza sokoni. Usiku wa kwanza tu alilitazama lile mavin jeusi akasema limefumwa na mtu mwenye hasira. Ni kweli lilikuwa baya. Mama alilivaa kwa sababu kichwa kisicho na nywele huhisi baridi vibaya mno, na Eldoret iko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Alilivaa hata kitandani. Na lilimkwaruza, lakini alikuwa nalo hilo moja.

Nilimwambia Kogo anifundishe. Alinitazama juu ya miwani. "Wewe weri?" Weri ni kijana, mvulana. Nikasema ndiyo, mimi. Hakuuliza kwa nini, nami sikumwambia habari za lango la shule.

Sindano zake hakunipa. Alisema sindano si kitu cha kuazimana. Basi nikaenda kibandani kwa baba, ambaye ni fundi wa baiskeli, nikaokota spoki mbili nzuri, nikazinoa kwa tupa na kuzisugua kwa msasa. Watoto wengi wa Kenya wamejifunza kufuma kwa spoki, mimi si wa kwanza. Kufuma kwenyewe si uchawi. Kuna mshono wa mbele na mshono wa nyuma, na ulimwengu wote wa sweta umejengwa kwa hiyo miwili. Ukifuma mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma mfululizo unapata ule ukingo unaonyumbuka, unaoshika kichwa bila kukibana. Shida ni kuhesabu. Mshono mmoja ukikuponyoka unateremka chini safu baada ya safu kama mtu anayeshuka ngazi, nawe unabaki na shimo. Mimi niliyeanguka hesabu nilikuwa nikihesabu usiku kucha, mia moja na kumi, mia moja na kumi, hata ndotoni.

Kofia ya kwanza ilimtosha kuku. Ya pili nikampa mdogo wangu. Ya tatu nilimpa mama, akaivaa, akasema ahsante. Wakati akienda kliniki aliniambia kuwa kule kwenye viti vya kungojea kuna akina mama wengi waliofunga leso, na wengine kofia za karatasi, na watoto vichwa wazi. Hakuniagiza kitu. Alisimulia tu. Lakini ndipo nilipopata wazo la kufuma nyingi.

Uzi nilitoa wapi? Nilifumua sweta kuukuu. Nilizunguka mtaani nikiomba sweta zilizotoboka viwiko: za shule, za marehemu babu ya mtu, za rangi ambazo hazina jina. Muhula wa pili ulipoanza nilikuwa nafuma asubuhi stejini, nafuma wakati wa mapumziko nyuma ya maabara, nafuma hata mkutanoni pa Chama cha Kiswahili wenzangu wakijadili kama pesa ni bora kuliko elimu. Jina nililopewa mnalijua: Shosho. "Shosho, nifumie soksi!" "Shosho, mume wako yuko wapi?" Nilicheka nao. Nilikuwa nimekwisha kuona lililo baya kuliko kuchekwa.

Halafu kikatokea kisa cha silaha. Mwalimu wa zamu alinipekua mkoba akakuta spoki mbili zilizochongoka kama mikuki. Lo! Nilipelekwa ofisini mbio. Nikaeleza kuwa ni sindano za kufumia, akaniuliza kama anafanana na mtoto mdogo. Ndipo nikaona hakuna budi, nikachomoa kofia iliyofikia nusu nikaifuma mbele yake, safu nzima, mikono ikitetemeka. Walimu waliokuwa wakinywa chai walisimama kutazama. Mlezi wa chama chetu naye alikuwapo. Aliniuliza ni za nani. Nikamwambia za wagonjwa. Akauliza, "Wagonjwa gani?" na hapo, msomaji, kwa mara ya kwanza katika shule hii nilisema kuwa mama yangu ana saratani. Nilirudishiwa spoki, kwa sharti la kuzichomeka vizibo vya chupa nchani.

Mwezi wa Juni nilikuwa na kofia kumi na moja. Nilizifunga kwenye mfuko, mama akanichukua siku yake ya kliniki, nikamkabidhi sista kwa mikono miwili kama mtu anayetoa mahari. Alizitoa moja moja. Alizipindua ndani nje. Alipitisha kidole kwenye ule mshono wa kuunganishia upande. Kisha akazirudisha mfukoni.

"Kijana, umefanya kazi," alisema. "Lakini hizi siwezi kuwapa."

Sababu alizitaja, na sababu zote zilikuwa juu yangu. Uzi ulikuwa wa sweta kuukuu, na watu wasio na kinga hawapewi kitu ambacho hakijulikani kimepita wapi. Sufi halisi huwasha kwenye kichwa kitupu, na ukiifua kwa maji moto hujikunja ikawa ya kuku tena. Spoki ni nyembamba mno kwa uzi ule, ndiyo maana zilifumika ngumu kama helmeti. Na ule mshono wa upande huchimba ngozi, hasa mgonjwa anapolala. Nilimtazama mama. Alikuwa amevaa ile ya tatu, niliyomfumia. Nikamwuliza kama yake pia inamwasha.

"Kidogo," alisema.

Alikuwa ameivaa miezi miwili.

Nilikaa wiki nzima bila kugusa spoki. Ningeacha kabisa, lakini Kogo alipopigiwa simu aliuliza tu, "Sasa wanataka ya namna gani?" kana kwamba mteja amerudisha sweta sokoni. Kwake yeye hilo ni jambo la kawaida. Basi tukaanza upya. Uzi tulinunua mpya, wa akriliki, laini, ambao hufuliwa kwa maji moto bila kujikunja. Badala ya spoki nilichukua vijiti vya mishkaki, vinene kidogo, nikavichonga ncha zote mbili na kuvisugua mpaka vikateleza. Na Kogo akanifundisha kufuma kwa mduara, kwa vijiti vinne, kama anavyofuma soksi: mishono imegawanywa kwenye vijiti vitatu, na cha nne ndicho kinachofanya kazi. Kofia inapanda yenyewe mviringo kama mtungi, wala haina mshono wa kuunganishia popote. Siku ya kwanza vijiti viliniponyoka mara kumi. Siku ya tatu nilifuma gizani stima ilipopotea.

Kipimo nacho kina siri yake. Kichwa cha mtu mzima ni kama sentimita 56, cha mtoto wa miaka mitano ni kama 51. Ajabu, si tofauti kubwa. Watoto wana vichwa! Kofia inafaa ifumwe ndogo kuliko kichwa kwa sentimita nne au tano ili ivutike ikishika. Kwa mgonjwa ishuke kisogoni na kufunika masikio kabisa, kwa sababu hakuna nywele za kuziba pengo.

Pesa za uzi mlitoa ninyi. Mlezi wa chama alisimama gwarideni akasema mambo mawili matatu, na kile kikopo cha rangi kikapitishwa madarasani. Kuna aliyetia nauli yake akatembea. Tukakubaliana kila Alhamisi baada ya mjadala wanachama wabaki saa moja wakifuma. Kwa kuwa kofia ina hesabu nyingi, wanaoanza waliwekwa kwenye skafu, ambayo ni mstatili tu: mishono 30, mbele, mbele, mbele, hadi ifike mita moja na nusu. Nani asiyeikumbuka ile skafu iliyoanza na mishono 30 ikamaliza na 47? Ilikuwa kama ramani ya Afrika iliyopinduliwa. Mwenyewe namficha jina, lakini sasa yumo katika kamati. Nyuzi za pindoni tulizikata zote, maana watoto huzivuta na kuzitafuna. Na wale walioniita Shosho, watatu kati yao hufuma kunizidi kwa kasi. Sitawataja pia, wana heshima zao.

Mwezi wa Agosti tulipeleka kofia 26 na skafu tisa, zimefuliwa, kila moja kwenye mfuko wake safi. Sista alipitisha kidole ndani ya moja, akatafuta mshono, akaukosa. Akacheka. Hatukuruhusiwa kuingia wodini, na ni haki, maana sisi ni watoto wa shule wenye mafua yetu. Tulisimama kwenye kibaraza cha upande wa watoto.

Hapo kwenye benchi palikuwa na mtoto wa miaka sita hivi, na mama yake, waliotoka upande wa ziwa. Taya lake moja lilikuwa limevimba. Sista alituambia ni saratani inayoitwa Burkitt, jina la daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda akaandika habari zake mwaka wa 1958, na kwamba huonekana sana kwa watoto wa sehemu zenye malaria nyingi. Hukua kwa kasi ya ajabu, lakini dawa nayo huikimbiza kwa kasi. Tulimpa mtoto achague. Alizitazama zote, nyekundu, buluu, zambarau, akatikisa kichwa.

"Nataka ya Gor," akasema.

Kijani! Katika kofia 26 hakuna aliyekuwa amefuma ya kijani. Nilimwambia nitaileta. Nilifuma usiku nne, kijani na ukingo mweupe, saizi yake. Jumatano iliyofuata niliipeleka, na kwenye benchi ile hakuwapo, wala wodini. Sista alisema mama yake alikuwa na wengine wadogo nyumbani, wameondoka kwanza, watarudi kwa dozi inayofuata. Aliiweka kofia kwenye droo yake. Kila nilipofika nilimwuliza, naye akifungua droo, kofia ipo. Mwezi wa Oktoba nilikuta zamu ya sista mwingine. Alifungua droo, kofia haipo. Hakujua nani aliichukua. Mimi nimeamua ni mwenyewe.

Mama alimaliza kemo mwezi wa Julai, akapasuliwa mwezi wa Agosti, na sasa anakwenda kliniki kuangaliwa tu. Nywele zilirudi, zikaja na mvi na mawimbi ambayo hakuwa nayo kabla. Anasema ni za bure, hawezi kulalamika. Mimi niko Kidato cha Tatu, katika ile safari ya mwisho ya 8-4-4, bila Kidato cha Pili nyuma yetu. Bado nafuma Alhamisi. Njoo ukitaka, vijiti vipo.

Kabla ya kumkabidhi mhariri insha hii niliona si haki mama aisome gazetini. Jumapili jioni nilikaa naye jikoni. Yeye alikuwa akikunja uzi mpya kuwa mpira, taratibu, kwa sababu ya vidole vyake, nami nina kofia iliyofikia nusu magotini. Nilimsomea kuanzia mwanzo. Nilipofika pale langoni, pale nilipomkana, sauti ilinikwama. Nikasoma hivyo hivyo. Mama hakuacha kukunja uzi.

Nilipomaliza nilimwambia, "Nisamehe, mama."

Alikunja mizunguko mitatu minne zaidi.

"Jirani amesikia," alisema. Kisha akanyoosha kidole kuelekea magotini pangu. "Sasa hesabu hiyo mishono. Umepoteza mmoja."

Nilihesabu. Mia moja na tisa.